Mtetezi wa Vibanja Aliyekuja kwa Baiskeli

Nimekutana na watu wengi wasio na haya, lakini yule aliyekuja kwetu, nje kidogo ya Nshamba, akijiita mtetezi wa wenye madeni, sijaona wa kufanana naye. Hata mwizi wa ndizi hujijua kuwa ni mwizi.

Wakati ule mume wangu alikuwa ameweka rehani kibanja chetu, migomba na mibuni yote, kwa Mhindi mmoja mwenye duka. Alitaka mabati. Jirani yetu, mzee wa kanisa, alikuwa ameezeka mabati, basi mume wangu naye hakupata raha mpaka tukaezeka. Msimu uliofuata bei ya kahawa ikaanguka. Mwenye duka akatuma neno kwamba tusipolipa, kibanja kitakwenda. Tangu hapo mume wangu akaacha kupita njia ya dukani. Mwanamume mzima akawa anazungukia vichakani.

Ndipo akaja huyo bwana, suruali imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na hata kuketi hakuketi kabla ya kusali. Tukampa kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima. Akasema anafahamiana na Bwana Shauri wa Bukoba, yule Mzungu wa bomani anayeamua kesi za watu. Serikali, akasema, imeamua kuwafutia wakulima madeni, ila lazima awepo mtu wa kuwapitishia mashauri yao. Mtu huyo, bila shaka, alikuwa yeye.

"Ndugu yangu," akamwambia mume wangu, "kuanzia leo usiseme na yule Mhindi. Usikanyage dukani kwake. Kahawa yako usimpelekee, nipe mimi nikutunzie mpaka shauri liishe. Na ada yangu hutangulia."

Tukauza mbuzi, ada ikapatikana. Wapagazi wake wakaja wakachukua magunia ya kahawa. Yeye akaahidi kurudi Jumamosi na karatasi ili mume wangu aweke dole gumba.

"Hiyo karatasi itasema nini?" nikauliza.

"Mama, ni sheria ya Kiingereza. Hata nikikusomea hutaelewa."

Mume wangu akacheka pamoja naye. Kicheko kile kiliniuma kuliko deni lenyewe.

Nikajiuliza: mtu anayetaka kututetea mbele ya mdai wetu, kwa nini hataki tuonane naye? Siku iliyofuata nikambeba mwanangu mgongoni, nikamwambia mume wangu naenda kutafuta chumvi, nikaenda moja kwa moja dukani.

Mwenye duka aliponiona akaweka mizani chini. "Mama, mume wako yuko wapi? Ananikimbia kwa nini?"

"Serikali haijakutumia mtu kuhusu deni letu?"

"Mtu gani? Hakuna aliyekuja. Mimi nataka fedha yangu. Migomba nitaifanyia nini? Mwambie aje tuongee. Alete kidogo msimu huu na kidogo msimu ujao."

Hakuwa mtu mwema, nisimpambe. Mizani yake tuliijua. Lakini alisema wazi anachotaka, na hilo yule wa kusali hakuliweza.

Nilipomweleza mume wangu, akaenda kukaa peke yake migombani. Jumamosi mgeni akafika na karatasi yake na wino. Mume wangu akamwambia, "Kwanza twende wote dukani, ukaniombee mbele ya mwenyewe."

"Nilikukataza!"

"Basi nirudishie kahawa yangu."

Yule bwana akatazama saa yake, akasema anangojwa bomani, akapanda baiskeli. Mume wangu alimkimbiza mpaka kwenye mteremko akashindwa. Kahawa hatukuiona tena, wala fedha ya mbuzi. Tulilipa deni kwa misimu mitatu, tukila ndizi zetu wenyewe, chini ya mabati yetu ya kujivunia.

Baadaye nilikwenda Bukoba kumtazama dada yangu, aliyeolewa Hamugembe. Nikamkuta yule yule, kalamu mbili, ameketi barazani kwa jirani zao, anawaeleza habari za Bwana Shauri. Nilisimama uani nikasema kwa sauti, kwa Kihaya, ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakuelewa: "Huyu alikula mbuzi wetu na kahawa yetu. Msimpe dole gumba."

Yeye akatabasamu. Akamwambia mwenye nyumba, "Huyu mama ametumwa na wadai wenu."

Na mwenye nyumba, mtu aliyesoma, karani wa shule ya misheni, akainuka akanifukuza mimi. Mkewe akaniita mchawi. Dada yangu alinivuta mkono kwa aibu, akaniomba nisimharibie ujirani.

Nilipokwenda tena Hamugembe, nilikuta watu nisiowajua wanakata migomba ya kibanja cha wale jirani. Nikamwuliza dada yangu wenyewe wamehamia wapi. Akasema wamepanga chumba Bilele, na kwamba bado wanamngoja yule bwana awaletee majibu kutoka bomani.