Nakuam na Trela la Maji

Kambi ya barabara ilipovunjwa mwaka wa 1978, kila mfanyakazi aliruhusiwa kuchagua kitu kimoja miongoni mwa vile ambavyo kampuni haikutaka kuvirudisha Nairobi. Wanaume walichagua vitanda vya chuma, mapipa, mabati, na mmoja akang'oa mlango mzima akaubeba kichwani. Zamu ya mpishi ilipofika, Nakuam alisimama mbele ya meza ya karani, akafuta mikono kwa leso yake, akaonyesha kibanda kilichokuwa nyuma ya jiko.

"Nataka hiyo ya ndani."

Karani alidhani hakusikia vizuri. "Mama Lokol, ndani ya kile kibanda kuna jenereta."

"Najua. Tumekaa majirani miaka saba."

Kicheko kilianzia kwenye foleni kikafika getini. Lakini karani alipotazama orodha yake, aliona kwamba jenereta ile ya pili haikuwa na wa kuitaka. Kuisafirisha kulikuwa na gharama kubwa kuliko faida. Akaandika jina la Nakuam, kisha akainua kalamu.

"Lakini sikiliza, mama. Siku kumi na mbili. Zikiisha kama bado iko hapa, inauzwa pamoja na vyuma chakavu. Na kreni imeshaondoka."

Watu walicheka kwa sababu hawakujua alichokijua. Jiko lake lilikuwa limegusana na kibanda cha jenereta, na fundi aliyeisimamia, Mmeru mmoja aliyependa chai nzito, alilipia chai ile kwa mafunzo. Alimwonyesha Nakuam jinsi ya kupima oili, kutoa hewa kwenye bomba la dizeli na kuwasha bila kuichosha. Kufikia mwaka wa tatu, Nakuam aliweza kuwa anasonga ugali wa wanaume mia na hamsini, asikie sauti ya mashine imepungua kidogo tu, aweke mwiko chini aende kuangalia. Mumewe alikuwa amekufa, watoto wawili, Lokol na mdogo wake, walimtegemea, na tangu zamani alitaka kitu ambacho hakuna bosi angeweza kukifunga na kuondoka nacho.

Jioni hiyo alimweleza kaka yake, Lokwang, aliyekuwa na kibanda cha kuchomelea vyuma Isiolo mjini. Lokwang hakucheka. Aliuliza swali moja tu.

"Ina uzito gani?"

"Kibao chake kinasema kilo elfu mbili na mia moja."

"Basi shida si jenereta. Shida ni itapanda nini."

"Na ikishapanda haitashuka," Nakuam akasema. "Sina ploti yangu, Lokwang. Nikiijengea msingi wa simiti kwa ploti ya mtu, siku moja ataniambia nitoke na msingi ubaki. Nataka trela ambayo itaibeba na iwe nyumba yake."

Kesho yake walikwenda kwa Arero, Mborana mwenye trekta, ambaye aliwabebea watu mchanga na mahindi. Arero alikuwa ameshasikia habari, maana mji mzima ulikuwa umesikia.

"Salaam aleikum, Mama Lokol. Trekta yangu iko na trela yangu iko. Utalipa dizeli tu."

Lilikuwa neno la ukarimu, na mtu mwingine angelidaka hapohapo. Nakuam alishukuru, kisha akainama na kuingia chini ya trela. Lilikuwa na magurudumu mawili tu na ekseli moja, na ekseli hiyo ilikuwa imepinda kidogo katikati kama mgongo wa punda aliyezeeka. Springi zilikuwa nyembamba.

"Hii imebeba nini kizito zaidi?"

"Magunia ishirini ya mahindi! Kutoka Meru mpaka hapa!"

"Mahindi yanaenea sakafu yote, Arero. Hii mashine inakaa mahali pamoja. Na trela ya magurudumu mawili, mzigo ukirudi nyuma kidogo itainua mkia wa trekta yako. Ukienda mbele, itaikandamiza. Hapana. Asante sana, lakini hapana."

Arero alikunja uso. Alikuwa ametoa kitu bure, mbele ya watu, na mpishi ametoka chini yake na vumbi kichwani akakikataa. "Basi katafute yako," akasema, akaingia ndani.

Lokwang alimlaumu dada yake njia nzima. Usiku ule Nakuam alijiuliza kama hakuwa amejivuna, lakini kila alipofumba macho aliiona ile ekseli iliyopinda.

Siku ya nne walipanda lori la kuni mpaka Timau, ambako shamba moja lilikuwa likiuza vifaa. Huko walionyeshwa trela refu la nyasi kavu, la magurudumu manne, limepakwa rangi ya kijani, tairi mpya. Lokwang alilipenda papo hapo. Nakuam alipanda juu, akamwambia kaka yake ashike ukingo wa upande mmoja, yeye akashika mwingine, wakalitikisa. Liliyumba. Sakafu yake ilimfikia mtu kifuani, na ilikuwa ya mbao.

"Limetengenezwa kubeba kitu kikubwa na chepesi," Nakuam akasema. "Sisi tuna kitu kidogo na kizito. Tukipita kwenye mto mkavu, kwenye laga, litalala kwa ubavu. Na bila kreni, nani atainua jenereta mpaka kifuani?"

Walirudi mikono mitupu. Zilibaki siku nane, na sasa hata Lokwang alianza kusema kwamba labda wangeifungua mashine vipande vipande. Nakuam alijua kwamba mashine iliyofunguliwa bila fundi haifungwi tena.

Trela lake alilipata mahali alipokuwa amelipita mara mia. Nyuma ya hoteli ya Habibo, mjane wa Kisomali aliyeuza chai na anjera karibu na soko la mifugo, palikuwa na tangi la maji lililooza kwa kutu, kuku wakilala juu yake. Marehemu mume wa Habibo alilitumia kuwapelekea mafundi wa barabara maji. Nakuam alikuwa ameketi pale anakunywa chai ya huzuni alipoona kwamba chini ya tangi, ndani ya magugu, kulikuwa na magurudumu manne ya lori.

Aliacha chai. Aliingia kwenye magugu akakwaruza kutu kwa kisu. Chini yake chuma kilikuwa kizima. Ekseli mbili nene, springi zenye majani tisa ya chuma kila upande, na jukwaa la chini kabisa, lisilopita paja la mtu mzima. Mbele kulikuwa na mkono wa kuvutia wenye breki yake: trekta likipunguza mwendo, trela linajisukuma kwenye mkono huo na kujifunga lenyewe. Maji ni mazito, akawaza, tena yanayumba. Aliyeunda kitu hiki aliwaza mzigo unaotaka kuanguka.

"Habibo, unataka nini kwa hii?"

Habibo alicheka. "Hiyo takataka? Niondolee. Lakini kama kweli utawasha umeme, taa ya kwanza ije kwa hoteli yangu."

Lokwang alikata tangi siku mbili, akabadilisha beringi, akapaka grisi, akatafuta tairi kwa marafiki. Nakuam naye alikwenda kwa Arero.

"Nilikuaibisha mbele ya watu," alimwambia. "Kwa hilo nisamehe. Lakini njoo uone nilichopata, uniambie wewe kama ni kibaya."

Arero alikuja. Alizunguka trela lile lenye sura mbaya, akapiga teke tairi moja moja, akaingia chini yake kama Nakuam alivyoingia chini ya lake. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa anatabasamu bila kutaka.

"Hii inaweza kubeba nyumba," akasema. "Tunaenda lini?"

Walifika kambini siku ya kumi na moja asubuhi. Karani na walinzi wawili walitoka kutazama, kwa sababu hawakuona jinsi mashine ya tani mbili ingepanda popote bila kreni. Nakuam aligawa majembe. Hawakuinua jenereta. Walichimba shimo la kwenda chini polepole mbele ya kibanda, kina cha paja tu, wakarudisha trela ndani mpaka sakafu yake ikalingana na ardhi, wakafunga magurudumu kwa mawe. Kwa trela la Timau shimo hilo lingekuwa kaburi. Kisha wakaingiza mabomba ya chuma chini ya jenereta, wakapitisha waya juu ya trela mpaka kwenye trekta, na Arero akavuta taratibu.

Ilisogea. Nakuam alitembea kando yake akiwa ameinama, akitazama ni bomba lipi lililokuwa limebeba uzito. Alijua upande wa injini ulikuwa mzito kuliko upande wa umeme. Mashine ilipolala sawasawa juu ya bomba moja bila kuangukia huku wala kule, alichora alama ya mkaa ubavuni mwake. Alama hiyo ndiyo aliyoiweka katikati ya ekseli mbili.

"Hapo! Simama!"

Lokwang aliikaza kwa boliti nane. Arero akafunga mkono wa trela, akaweka gia ya chini, na trekta likapanda kutoka shimoni likitoa moshi mweusi. Springi zilishuka kidogo, kisha zikatulia. Hakuna aliyecheka. Karani alivua kofia yake akajipepea nayo, akasema, "Mama Lokol, umetuweza."

Laga lililokuwa kabla ya kijiji cha Ngaremara lilikuwa na mteremko mkali, na hapo Arero mwenyewe alishikilia usukani kwa mikono miwili. Breki ya trela ilishika. Waliteremka kama watu wanaotoka kanisani. Walipoingia Isiolo jua bado liko juu, watoto walikimbia pembeni na wenye maduka wakatoka nje, na Nakuam alikuwa ameketi juu ya trela, mgongo umeegemea mashine yake, akisalimia kwa mkono.

Waliliegesha kando ya kibanda cha Lokwang. Nakuam alipiga jeki pande nne, akaweka magogo chini ya ekseli ili tairi zisioze kwa kubanwa, akajenga paa la mabati juu ya trela lenyewe na kutundika turubai pande mbili za upepo wa vumbi. Taa ya kwanza iliwaka katika hoteli ya Habibo. Baadaye Lokwang alianza kuchomelea kwa umeme, na mwaka uliofuata Nakuam akafungua kinu cha kusaga. Mara mbili mwenye ploti alimhamisha. Mara zote mbili aliondoa magogo, akamwita Arero, na kufikia saa saba mchana alikuwa anasaga mahali pengine.

Ukame wa 1984 ndio uliowafanya watu wote waelewe. Injini ya kisima cha Ngaremara ilivunjika ndani, na kipuri chake kilikuwa hakipatikani karibu. Mifugo ilisimama kuzunguka birika kavu, ya Waturkana na Waborana pamoja, na watu walikuwa wameanza kuangaliana vibaya juu ya maji machache ya mtoni. Nakuam alifunga kinu. Siku hiyohiyo trela lilikuwa kisimani, waya umeungwa kwenye pampu, na yeye anatoa hewa kwenye bomba la dizeli kama alivyofundishwa.

Mashine iliitika mara ya kwanza. Bomba lilikohoa, likatema tope, kisha maji meupe yakaruka ndani ya birika. Mzee mmoja wa Kiborana, Kanchoro, alichota kwa viganja akamnyunyizia Nakuam kichwani, akimbariki kwa lugha yake. Wanawake wa Kiturkana walianza kuimba na kuruka mpaka vumbi likafunika ng'ombe.

Alisukuma maji pale siku kumi na tisa. Siku ya ishirini kipuri kilifika, na pamoja nacho wakaja watu wawili kutoka kisima cha Kipsing, waliotembea usiku na mchana. Walisimama mbali kwa heshima wakisubiri amalize uji wake.

"Mama," mmoja akasema, "tumesikia ile ya kwako inatembea."

Nakuam aliweka bakuli chini. "Inatembea," akasema, akainuka kwenda kuondoa magogo.