Dresa wa Iyunga na Mguu wa Baba Mkwe

Saa kumi na mbili asubuhi, Iyunga bado imejifunika ukungu, na Ikupa amepiga magoti mbele ya blanketi la kijivu lililotundikwa mlangoni. Chini ya blanketi umetokeza mguu mmoja wa mzee. Mwenye mguu yuko ndani. Ni baba mkwe wake, Asukile, na katika miaka minne ya ndoa Ikupa hajapata kumtazama usoni.

Ndivyo Wanyakyusa walivyolelewa. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huchepuka akajificha majanini mpaka mzee apite.

Ikupa ana miaka ishirini na mitatu. Ni dresa, yaani mfunga vidonda, katika zahanati iliyo maili nne kutoka nyumbani. Kuna siku huosha vidonda arobaini, kwa mshahara wa shilingi thelathini na tano kwa mwezi. Lakini kidonda kilichomnyima raha kilikuwa nyumbani kwake mwenyewe.

Mzee alijikata kwa jembe akipalilia mahindi mwezi wa pili. Akajifunga majani, akanyamaza. Dresa wa kiume wa zahanati ile alikuwa amekwenda Tukuyu kumuuguza mama yake, na kufungwa kidonda na mke wa mwanawe ni jambo ambalo mzee hakutaka hata kulisikia. Mguu ukavimba, ukaanza kunuka.

Mika, mume wa Ikupa, akaja juu. Akamwambia baba yake kwamba hayo ni mambo ya kale, tena yeye mzee ni Mkristo wa siku nyingi. Mzee akajibu kwamba alibatizwa aache pombe, si aache haya. Heri akatwe huo mguu.

Wazo la blanketi lilikuwa la Ikupa. "Mume wangu alitaka kumshinda baba yake," anasema. "Mimi nilitaka mguu tu. Heshima yake abaki nayo."

Mama mkwe, Lusia, akawa mjumbe. Ikupa akiomba mguu unyooshwe, Lusia humgeukia mzee akamrudia maneno yale yale, ingawa mzee si kiziwi. Walikubaliana kwamba hakuna kucheka, na Lusia ndiye wa kwanza kuvunja agano.

Siku ya tatu mambo yakaharibika. Mikono imejaa pamba, Ikupa akasahau, akasema kama asemavyo na wagonjwa wote: "Inua kidogo, baba."

Mguu ukarudi ndani. Siku mbili haukutoka. Ikupa alilia jikoni, maana alijua siku mbili kwa kidonda kile si mchezo.

Asubuhi iliyofuata Lusia akamwita. "Mwenyewe anasema mguu hauna masikio," akamwambia. "Kwa hiyo hakuna aliyesemeshwa. Njoo, mwanangu."

Ikupa anasema siku hiyo alimpenda mzee yule kama baba aliyemzaa.

Sasa kidonda kilichokuwa na upana wa kiganja kimebaki kama sarafu ya thumuni. Ikupa anakaza fundo la bandeji, ananawa, anajitayarisha kwenda zahanati. Anatumaini Pasaka mzee atakwenda kanisani bila kushikwa mkono.

"Atapita mbele yetu wanawake, nami nitainamisha kichwa kama desturi," anasema. "Hapo ndipo nitauona ule mguu ukikanyaga chini."