Mfuko wa Zawadi Nilioondoka Nao

Zamani hizo niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba mtu akipokea zawadi kutoka kwa mwenzake anayeacha kazi, basi na yeye haumalizi mwezi: ama atafukuzwa, ama mashine itamla kidole. Haidhuru zawadi yenyewe ni nini. Iwe ng'ombe, iwe kiberiti. Ushahidi ulikuwapo. Salimu wa brashi, kule kiwanda cha mkonge, alipewa kitana na mwenziwe aliyekuwa akirudi kwao, na kabla hajamaliza kuchana upande mmoja wa kichwa akaitwa ofisini, akafutwa kazi. Alitoka getini nusu kachana, nusu kavurugika. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa, na mimi nikawasimulia watu wengi kuliko waliopata kukaa Tanga.

Habari hiyo niliipata siku yangu ya kwanza kazini, kwenye shamba la mkonge upande wa Maramba, miaka ya hamsini. Nilitoka kwetu Pangani na shati moja na kiburi cha mashati kumi. Nilipofika kiwandani nikakuta watu wamemzunguka mtu wa manamba, yaani wale walioletwa kutoka mbali kwa mkataba. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na kifurushi chake kilikuwa kidogo kama andazi.

"Yakhe, hutuachii kitu?" mmoja akamwuliza. "Tutakukumbuka kwa lipi?"

"Hata kifungo cha shati!" akasema mwingine, akikivuta kile kifurushi.

Yule bwana akawa anatazama miguu yake. Hapo akatokea Nyapara Mkuu, msimamizi wetu wa kiwandani, mtu mfupi mwenye sauti ya kuangusha nazi.

"Asitoe mtu, asipokee mtu!" akanguruma. "Hamjui kuwa zawadi ya mwenye kuondoka hufukuzisha kazi? Salimu yuko wapi leo?"

Mikono yote ikarudi kwa wenyewe. Mtu wa manamba akainua kichwa, akaaga, akaenda zake. Kando yangu alisimama Msambaa mmoja mrefu, jina lake Daudi, Mlutheri wa milimani. Alikuwa amejiziba mdomo, mabega yanatikisika. Nikadhani anatetemeka kwa hofu. Nikaanza kutetemeka na mimi.

Vijana wa leo mnaona kamba dukani, mnadhani imeota pale. Jani la mkonge hukatwa shambani, hupelekwa kwenye korona, mashine kubwa inayoponda nyama ya jani na kutema singa, yaani nyuzi zake ndefu. Singa huoshwa, huanikwa juani juu ya waya, kisha hupigwa brashi mpaka zing'ae kama nywele za bibi harusi. Mwisho huingia chumba cha presi, zikasindiliwa ziwe robota, mzigo mgumu kama ukuta, tayari kwa meli.

Mimi nilianzia kwenye waya. Nikapandishwa brashi, ambako vumbi lilikuwa zito hata ukipiga chafya unamtoa kofia mtu aliye Horohoro mpakani. Kisha nikapelekwa presi, nikawekwa na Daudi. Yeye alinifundisha kupanga singa zisipishane, na kutoa mkono kabla chuma hakijashuka.

"Mkono kwanza, maneno baadaye," alizoea kusema, maana nilikuwa na maneno.

Jioni nilikwenda darasa la watu wazima. Wenzangu walilala, Daudi alikaa macho anisubiri, nimsomee nilichofundishwa. Akaniita Bwana Shule, kwa kejeli kwanza, baadaye kwa mazoea. Nilihitimu kwa kishindo. Nilikuwa nasoma hata maandishi ya kwenye magunia yaliyopinduliwa. Sifa zikamfikia Bwana Meneja, akaniita.

"Wewe unaweza kusoma namba za robota?"

"Naweza, Bwana, hata kwa jicho moja."

"Tumia yote mawili. Jumatatu utakwenda ghalani Tanga, bandarini."

Nikaruka moyoni. Halafu nikakumbuka kwamba kwenda Tanga ni kumwacha Daudi.

Nilikwenda duka la Mwarabu pale Maramba kutafuta vitu vya kuwaagia wenzangu. Mshahara wa presi haukuwa wa kujitapia. Nikashika hiki, nikarudisha kile, mpaka mwenye duka akacheka. "Mwanangu, pesa zikipungua, punguza marafiki."

Lakini sikupunguza. Na hapa nawaambia mnaoacha kazi leo mkakopa kununua saa za ukutani: zawadi ya mwenzako wa kazi haitafutwi kwenye bei. Mtazame anakosa nini saa zile mnazokuwa pamoja. Nyapara Mkuu nilimchukulia kikopo cha ugoro, maana wake ulikuwa ukilowa jasho. Mzee wa kushona magunia, sindano nene na uzi. Na Daudi, kioo kidogo cha mfukoni. Daudi alikuwa akinyoa ndevu kwa kujitazama kwenye ndoo ya maji, na kila Jumapili alikwenda kanisani na kidevu kama cha mtu aliyepigana na paka. Kioo chenyewe kilikuwa rahisi kuliko samaki wa chakula cha mchana.

Usiku wa kuamkia safari ndipo kitana cha Salimu kilipoanza kunichana kichwani. Nikawaza: nikimpa Daudi kioo hiki, atafukuzwa. Na kwao anategemewa na mama mjane. Au mashine itamkata ule mkono ulionifundisha. Nikaona heri wanione bahili kuliko nimtie mwenzangu balaani.

Asubuhi walikuwa wamekusanyika chumba cha presi. Walikuwa wamenawa mikono, jambo ambalo sikupata kuliona kabla ya saa ya kula. Mfuko wangu wa zawadi ulikuwa umetuna kwapani, na wote wakiuona. Daudi akatoa ukanda aliousuka mwenyewe kwa singa fupi zilizobaki kwenye brashi.

"Wa kufungia vitabu vyako, Bwana Shule."

Nikaupokea. Balaa, kwa nilivyojua, ilikuwa ya wanaobaki. Mwenye kuondoka haimgusi. Kisha nikawapa wote mkono, mmoja mmoja. Nilipofika kwa Daudi akaushika mkono wangu, akautazama kiganja.

"Mtupu?" akasema, akitabasamu bado.

"Tutaonana, Inshallah," nikasema. Nikapanda lori.

Ghalani Tanga nilifanya kazi chini ya Bwana Ghala, kisha Karani Mkuu, kisha nikawa Karani Mkuu mwenyewe. Robota nilizozihesabu zingezunguka dunia na kurudi kuchukua kofia. Kila zilipokuja za Maramba nilitafuta mtu wa kumpelekea Daudi salamu. Nikaambiwa amerudi milimani, kisha nikaambiwa amefariki. Ugoro ulikauka. Uzi ulishona vifungo vyangu. Kioo nilinyolea mimi, na kila nikijitazama niliona kidevu kisicho changu.

Nilipostaafu nikarudi Pangani. Siku moja kivukoni, nikisubiri kuvuka mto, nikamwona mzee mfupi ameketi juu ya gunia lake. Sauti ile ingali inaangusha nazi.

"Shikamoo, Nyapara Mkuu."

"Marahaba! Ni wewe, Bwana Shule? Yule aliyeondoka na mfuko?"

Nikamweleza yote: zawadi, kioo, Salimu, hofu yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwanangu," akasema, "maneno yale niliyatunga pale pale. Yule mtu wa manamba hakuwa na kitu, na wenziwe walikuwa wanamwaibisha. Wakongwe wote walijua."

"Na Daudi?"

"Daudi alikuwa kando yako akijizuia kucheka."

"Mbona Salimu alifukuzwa?"

"Salimu alikutwa amelala juu ya robota. Hakuna aliyepata kufukuzwa kwa kupewa zawadi."