Mbavu Zangu kwenye Ukuta wa Depo

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Niliingia mashimo ya Salamabila na suruali moja, nikatoka mununuzi wa dhahabu mwenye depo, duka la kununulia lililojengwa kwa matofali, hapa Kasongo, na shule ya musingi sikuimaliza. Nimeona mulima ukianguka asubuhi, na watu wakichimba palepale muchana. Sasa rangi ya ukutani ingenifanya nini?

Ilianza na kikohozi. Nilienda lopitali peke yangu, bila kumwambia muke wangu, wakanipiga radio, ile picha inayopita nyama na kuonyesha mifupa. Dokta akaweka kidole juu ya wingu jeupe upande wa kuume: vumbi la mawe, niende Bukavu upesi. Nilimushukuru, nikaficha radio chini ya koti. Mununuzi akijulikana ni mugonjwa, dhahabu inaenda kwa mununuzi jirani.

Wachoraji wetu wa vibao wanakata matundu ya herufi ndani ya radio za zamani, wanaziweka ukutani na kupaka rangi juu, kwa sababu ile plastiki ni ngumu na rangi haipiti. Nilikuwa nimeita mumoja achore sura yangu mbele ya depo, na koti, na mizani, na maneno chini. Nikamupa radio yangu akatie herufi. Nilijua ikishakatwa vipande, hakuna atakayeisoma. Yeye akaiinua kwanza kwenye jua.

Niliporudi kutoka kununua Salamabila nilikuta watu wamesimama mbele ya depo. Ukutani niko mimi, kofia yangu, masharubu yangu, koti limefunguliwa kama dirisha, na ndani mbavu zote, na lile wingu. Chini aliandika kwa mukono, bila kukata kitu: *Alirudi na mulima kidogo.*

“Patro,” muchimbaji mumoja akaniambia, “koti ni ya bei, lakini hizi mbavu tunaweza kuzipiga wimbo kama madimba.”

Watu wakacheka. Muchoraji akasema hajui mambo ya dokta, alichora tu kwa sababu aliona ni nzuri.

Binti yangu, anayefundisha fasihi kwenye sekondari, alifurahi kuliko wote. Akanieleza kwamba zamani kule Ulaya mashine ya radio ilipotokea, na wataalamu wakasema hata jiwe ndani yake ni nafasi tupu zaidi kuliko jiwe, wachoraji waliacha kuamini ngozi. Wakapasua sura, wakachora kile jicho halifikii. Waandishi nao wakaacha kueleza tu fulani aliamka, fulani alienda. Wakaandika yale yanayozunguka kichwani mwa mutu aliyefunga mudomo. Nikamujibu kwamba hayo niliyajua kabla hajazaliwa: sisi wachimbaji hatujawahi kuamini jiwe kwa ngozi yake, tunalipasua. Akakubali, nami nikajisikia mukubwa. Kisha akauliza radio ambayo muchoraji aliifuata ilikuwa ya nani.

Muke wangu alikuwa nyuma yetu. Alipita katikati ya watu, akaweka kiganja juu ya wingu. Rangi ilikuwa bado mbichi. Alipoutoa mukono, nyeupe ilibaki kwake.

“Baba ya batoto,” akasema polepole, “hii hakuna mutu anaweza kuitunga. Ni hii inakukohoza usiku.”

Nikaagiza ukuta upakwe chokaa siku ile ile. Lakini chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Mvua ya kwanza iliishusha, mbavu zikarudi. Watu wa Salamabila walipita na vifurushi vyao, wakasalimia vizuri, wakaingia kwa jirani.

Muke wangu aliuza pikipiki yangu bila kuniuliza, akanipeleka Bukavu. Kule walisema vumbi halitoki. Nikae mbali na mashimo, ninywe dawa, nirudi kupimwa. Sijui bado kama nitamuona mujukuu wa kwanza. Na muchoraji, nilitaka kumunyima malipo yake, muke wangu akakataa: kati yetu sisi wote, ni yeye tu alisema ukweli. Safari, lopitali, dawa, chokaa iliyoenda bure, na dola sitini za ile picha ya ukutani: jumla dola elfu mbili mia tatu kumi na nane.