Mishumaa ya Mama wa Kikole

Juma lililopita, bomani Lindi, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja wa Kikole. Alikuja kuandikisha, iwe alama yake ya biashara, picha ya nyuki anayoigonga kwenye mishumaa yake ya nta, maana mfanyabiashara mmoja wa mjini ameanza kuigonga kwenye ya kwake ya mafuta ya ng'ombe.

Karani akachovya kalamu. "Mishumaa inamulika, mama. Nakuandika kundi la bidhaa za taa."

Mama akafunika fomu kwa kiganja. "Ngoja, mwanangu. Ukiniandika kwenye taa, yule wa mjini ataniwahi kwenye mishumaa. Taa huunguza mafuta, yenyewe ikabaki. Mshumaa wangu unaungua wenyewe mpaka uishe. Uweke pamoja na mafuta."

Karani akatabasamu, akafungua kitabu cha makundi, akafuata mistari kwa kidole. Tabasamu likafutika. Mishumaa ilikuwa kundi moja na mafuta ya taa, makaa ya mawe na grisi ya mashine.

Akainuka, akampa mama kiti chake, akaandika fomu mpya akiwa amesimama.

Mimi niliyesoma ningetia sahihi fomu ile ya kwanza, tena kwa mwandiko mzuri.