Kazi Yake ni Kufa Kila Jioni

Saa kumi na mbili jioni, maiti anamalizia chai. Anatumbukiza mikono kwenye beseni la barafu, kisha anajilaza kitandani na kufunikwa shuka jeupe hadi usoni. Inabaki nje mikono tu.

"Safari njema, Marehemu," mpambaji wake anamtania.

"Nikichelewa kufufuka, chai iliyobaki kwenye chupa msiiguse!"

Katika nyumba hii kuukuu, mchezo wa kuigiza hautazamwi watu wakiwa wamekaa vitini. Waliokata tiketi ndio wafiwa. Wanapita chumba kwa chumba, wakipewa pole na waigizaji. Chumba cha mwisho mtu huingia peke yake, akamshika marehemu mkono na kumwambia neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu wake aliyempoteza.

"Wengi huingia wakicheka," anasema Marehemu. "Mlango ukifungwa, kicheko kinakatika. Wananiita mama, wananiita kaka. Mimi kimya. Hata pumzi naivuta kwa wizi."

Malipo hayazidi kodi ya chumba na chakula, lakini halalamiki. Aliondoka nyumbani kutafuta kazi binti yake akiwa darasa la sita. Mambo yakamwendea mrama, akaona haya kurudi mikono mitupu. Akanyamaza miaka yote hiyo.

Mwezi uliopita walikuja wasichana wa ofisi moja, kumpongeza mwenzao aliyepandishwa cheo. Mmoja akaingia, akaushika ule mkono wa barafu.

"Baba, sijui uko wapi," akasema. "Nimeshakuzika moyoni, ili niache kukungoja."

Marehemu alikuwa ameshakigusa kidole kidogo cha binti huyo, kilichopinda tangu alipobanwa na mlango utotoni, akamtambua mwanawe.

Sheria ya kazi ni moja: maiti hajitikisi. Akaivunja. Akakibana kile kidole.

Binti alipiga yowe, akatoka mbio. Wenzake wakapiga makofi, wakidhani ndio mchezo wenyewe. Marehemu alipojinasua kwenye shuka, wote walikuwa wameshaondoka.

"Nimemtisha mwanangu," anasema, machozi yakimlengalenga. "Ningemwita tu jina lake."

Juzi alimpigia dada yake simu, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Dada alilia, akamtukana weee, kisha akamwelekeza anakoishi binti. Anakwenda Jumapili, siku yake ya mapumziko.

"Nitapiga hodi," anasema, akisugua viganja vyake. "Akifungua, nitampa mkono. Safari hii nataka uwe na joto."