Uzi Mwekundu na Nyumba Namba Moja

Siku ya kwanza kazini, ofisi ya kompyuta pale mtaa wa Satellite, Nairobi, niliingia na uzi mwekundu mfukoni, mazoea tu. Miaka mingi nilikagua mashati kiwandani, na shati lenye kasoro nililifunga uzi. Sasa Meneja, mama mpole lakini mkali wa saa, alitaka nijaribu programu za kompyuta kabla hazijaenda kwa wateja. Mimi, wa darasa la nne! "Mama, bonyeza kila kitu," akasema. "Ukikwama, hiyo ndiyo kazi."

Ofisi ilitafuta cheti cha ubora wa kazi, ngazi ya tatu. Ngazi ni tano: ya kwanza, kila mtu anafanya anavyojua, ya tatu, kazi imeandikwa na wote wanaifuata. Tukikosa, mteja mkubwa anahama na sisi tunarudi nyumbani. Vijana wakaandika mafaili mpaka kabati likakataa kufunga.

Basi nikajaribu programu ya zahanati za Kibera. Ikaniuliza namba ya nyumba. Mimi nakaa Gatwekera, humo humo Kibera, na kwangu ni "pale kwa fundi viatu, mabati ya bluu." Ikakataa kusonga. Nikapigia zahanati iliyokuwa ikiijaribu: nyinyi mnafanyaje?

"Kila mgonjwa tunamwekea namba moja tu."

Kumbe Gatwekera nzima tunaishi nyumba namba moja! Chai ilinitoka puani.

Nikafunga uzi kwenye kiti cha Brayo, kijana aliyeitengeneza programu hiyo.

"Ai, shosh! Unaniaibisha mbele ya watu!" Vijana wote waliniita shosh, yaani nyanya yao.

Akanuna. Nikamkumbuka msimamizi wangu wa kiwandani: "Usifunge mtu, funga kazi. Uliza kwa nini mpaka majibu yaishe." Nikauliza. Kwa nini namba ni lazima? Akasema ilitoka kwa fomu ya mtaa mwingine. Kwa nini hukuuliza watu wa Kibera?

Brayo akakuna kichwa. "Shosh, hakuna mahali imeandikwa tuulize."

Tukapekua mafaili yote. Kweli, hakuna. Nikahamisha uzi kwenye karatasi ya hatua za kazi ukutani, tukaongeza kwa kalamu hatua ya kuuliza watumiaji kwanza, na Brayo akaja Gatwekera kwa miguu kuuliza watu huelekezanaje.

Nyuzi zikaongezeka. Mkaguzi wa cheti alipokuja, kabati lilimchosha. Akageukia ukuta. "Na hizi?"

Meneja akakohoa. Brayo akasema, "Kila uzi, hapo tulikosea, na hapo tukabadilisha."

Mkaguzi akazifuata moja moja, kisha akacheka. "Hii ndiyo nilikuwa natafuta kwa kabati."

Cheti tukapata.

Sasa nimestaafu. Nikiulizwa ubora ni nini, nasema ni kukosea bila kuficha. Siku ya kuniaga Brayo alikuja na rangi nyeupe, akaandika mlangoni pangu: Namba 1. Siku hizi hata fundi viatu anaelekeza wateja wake kwa mlango wangu.